Mbwa mwenye kisukari anapokataa chakula: lipi lianze, insulini au bakuli?

Mbwa asiye na kisukari akisusa chakula cha asubuhi, mwenyewe anaweza kusubiri hadi jioni bila hofu kubwa, kwa kuwa mwili wa mbwa huyo unajua kupunguza insulini pale tumbo linapokuwa tupu. Mbwa mwenye kisukari hana uwezo huo. Insulini yake inatoka kwenye chupa, na ikishaingia chini ya ngozi hakuna namna ya kuirudisha. Itafanya kazi kwa saa nyingi, mara nyingi kati ya saa 10 na 14, awe amekula au hajala. Ndiyo maana bakuli ambalo halijaguswa humweka mwenye mbwa njia panda. Akichoma dozi nzima kama kawaida, sukari inaweza kushuka hadi mbwa azimie. Asipochoma kabisa, anaogopa sukari itapanda na ugonjwa utamtoka mikononi. Wengi hukimbilia jikoni kutafuta kitu kitamu zaidi. Ninaamini huko siko pa kuanzia. Swali la nimpe chakula gani linapaswa kuja la tatu, baada ya kuuliza hali ya mbwa ikoje na insulini ifanyweje, na sehemu kubwa ya makala haya inaeleza kwa nini mpangilio huo ndio unaookoa maisha.

Kisukari cha mbwa, kwa sehemu kubwa, ni cha ukosefu wa insulini. Seli za kongosho zinazotengeneza homoni hiyo zimeharibika, na kwa kawaida hazirudi, hivyo mbwa huhitaji sindano maisha yake yote, tofauti na paka, ambaye akitibiwa mapema huweza wakati mwingine kufikia hatua ya kuacha sindano. Uhusiano kati ya kongosho na sukari wenyewe uligunduliwa kwa mbwa. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho wakamwona akikojoa kupita kiasi, mkojo wake ukiwa na sukari. Na mwaka 1921, mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best waliwatumia mbwa kuonyesha kwamba dutu iliyotolewa kwenye kongosho hushusha sukari ya damu. Tiba wanayopata mbwa leo ilianzia kwa mbwa wale.

Katika utaratibu wa kawaida, mbwa mwenye kisukari hula milo miwili iliyotengana kwa saa 12, tuseme saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, na kila mlo huambatana na sindano. Chakula kinatakiwa kiwe cha aina ile ile, kiasi kile kile na wakati ule ule, kwa sababu dozi ya insulini ilipangwa na daktari kwa kukadiria sukari itakayoingia kutokana na mlo huo. Hapa ndipo penye jambo moja dogo ambalo naona linapuuzwa mno: sindano ichomwe mbwa akishamaliza kula, au akikaribia kumaliza, wala si kabla. Wapo wanaomchoma kwanza, au wakati ameinamisha kichwa kuanza tonge la kwanza, kwa kuwa hapo hasikii maumivu. Kwa mbwa asiyewahi kususa hilo halina madhara. Lakini siku atakayonusa bakuli na kugeuka, uamuzi utakuwa umeshafanyika, na mwenyewe atabaki akimfuata nyumba nzima na kijiko mkononi.

Ili kuelewa uamuzi wenyewe, ni lazima kutenganisha hatari mbili ambazo watu huzichanganya. Sukari ya damu ya mbwa mwenye afya huwa kati ya miligramu 80 na 120 hivi kwa desilita, yaani takriban milimoli 4.4 hadi 6.7 kwa lita. Ikishuka chini ya miligramu 60, sawa na milimoli 3.3, ubongo huanza kukosa nishati, na kutoka hapo hadi degedege, kuzimia na kifo kunaweza kuwa ni suala la saa chache tu. Upande wa pili, sukari ikipanda hadi miligramu 300, mbwa atakunywa maji mengi na kukojoa mno, maana figo huanza kuimwaga kwenye mkojo pale inapopita kati ya 180 na 220 hivi, atachoka na atadhoofika ikiendelea hivyo kwa wiki, lakini haimuui mchana huo. Hatari hizi mbili hazina mwendo mmoja. Kutokana na tofauti hiyo ya mwendo ndipo inapotoka kanuni ambayo madaktari wa mifugo huirudia kwa kila mwenye mbwa: ukiwa na shaka, insulini pungufu ni salama kuliko insulini iliyozidi, na dozi moja iliyorukwa haina madhara makubwa kama dozi nzima iliyoingia kwenye tumbo tupu.

Hata hivyo kanuni hiyo ina mpaka, na wanaousahau mpaka huo huwapoteza mbwa wao kwa njia nyingine. Mwili usio na insulini hauwezi kuitumia sukari iliyojaa kwenye damu, kwa hiyo huanza kuyeyusha mafuta yake, na ini huyageuza mafuta hayo kuwa ketoni. Ketoni ni asidi. Zikijaa, damu yenyewe huwa na asidi, mbwa hupata kichefuchefu, hutapika, hupungukiwa maji na madini kama potasiamu, na kichefuchefu hicho humfanya asitake kula, jambo linaloongeza uyeyushaji wa mafuta. Hali hii, inayoitwa ketoasidosisi, haitibiki nyumbani. Inahitaji dripu, vipimo vya mara kwa mara na insulini ya kutenda haraka chini ya uangalizi. Kwa maana hiyo, kuruka sindano ni ruhusa ya mlo mmoja hadi daktari apatikane. Mbwa aliyekaa siku nzima bila kula na bila insulini anatakiwa awe ameshaonwa na daktari, hata kama bado anatikisa mkia.

Kati ya dozi nzima na kutochoma kabisa pana nafasi, na mara nyingi hapo ndipo jibu lilipo. Mwili wa mbwa huhitaji insulini kidogo hata asipokula, kwa sababu ini huendelea kuachilia sukari kwenye damu usiku na mchana; ndiyo sababu madaktari wengi huelekeza kwamba mbwa aliyekula sehemu kubwa ya mlo wake apate dozi yake, aliyekula nusu au pungufu kidogo apate nusu ya dozi, na aliyekataa kabisa, hasa akiwa anatapika au amelegea, asichomwe hadi mwenyewe azungumze na daktari. Viwango hivi hutofautiana kati ya mbwa na mbwa, kwa kutegemea aina ya insulini, uzito na magonjwa mengine aliyo nayo, na kwa hiyo vinatakiwa viandikwe na daktari wake kabla ya siku ya tatizo, kwenye karatasi itakayokaa pale insulini inapohifadhiwa. Wakati mzuri wa kuomba karatasi hiyo ni sasa, mbwa akiwa anakula vizuri.

Kukadiria "nusu ya mlo" kwa macho hudanganya sana, hasa chakula kikiwa kimesambaa kwenye bakuli pana. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ubishi huo: ikiwa mlo ni gramu 200 na zimebaki gramu 60, mbwa amekula gramu 140, yaani zaidi kidogo ya theluthi mbili, na hilo ni jambo tofauti kabisa na mbwa aliyelamba mchuzi na kuacha nyama yote. Uangalifu kama huo unahitajika kwenye sirinji. Insulini nyingi za mifugo zina yuniti 40 katika kila mililita, ilhali insulini nyingi za binadamu, ambazo baadhi ya mbwa hutumia pia, zina yuniti 100, na kila moja ina sirinji yake. Insulini ya yuniti 100 ikivutwa kwa sirinji ya 40 hadi mstari wa 10, mbwa atapata yuniti 25. Katika hali ya kawaida hilo ni kosa kubwa. Kwa mbwa ambaye hajala, ni kosa la kuua. Na kama sindano imechomoka nusu, au dawa imemwagikia kwenye manyoya na hujui ni kiasi gani kimeingia, usirudie. Vivyo hivyo, dozi iliyorukwa asubuhi hailipwi jioni.

Mwenye kipimo cha sukari nyumbani ana nafuu kubwa katika saa hizi, kwa sababu tone la damu kutoka ukingo wa sikio au ndani ya mdomo litamwambia kama sukari iko juu au inaelekea chini. Ila ajue kwamba vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya binadamu mara nyingi husoma chini ya kiwango halisi cha mbwa, hivyo kipimo cha mifugo, au kile ambacho daktari amekilinganisha na cha maabara, ndicho cha kutegemea. Vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo navyo vinafaa kuwepo, kwani kijiti kikionyesha ketoni kwa mbwa asiyekula, hakuna haja ya kusubiri tena.

Sasa hali ya mbwa yenyewe. Kususa chakula kwa mbwa mwenye kisukari kuchukuliwe kuwa dalili hadi ithibitike vinginevyo. Ugonjwa ninaoutaja wa kwanza ni kuvimba kwa kongosho, kwa kuwa huandamana na kisukari mara nyingi, wakati mwingine ukiwa ndio uliokisababisha. Mbwa mwenye maumivu hayo huinua makalio na kuinamisha kifua sakafuni, hukakamaza tumbo akiguswa, hutapika, na chakula chenye mafuta humzidishia. Sasa fikiria mwenye mbwa ambaye, kwa huruma, anampa mbwa huyo ngozi ya kuku au kipande cha nyama yenye mafuta ili mradi ale. Atakula, pengine, na usiku ataumwa maradufu. Mfano huu mmoja unatosha kuonyesha kwa nini jikoni hakupaswi kutangulia.

Maambukizi ya njia ya mkojo huwapata mbwa hawa kwa urahisi, kwa sababu mkojo wenye sukari ni makazi mazuri ya bakteria, na huweza kupunguza hamu ya kula hata kabla mbwa hajaonyesha taabu ya kukojoa. Meno mabovu na fizi zilizovimba humfanya asogelee bakuli kwa shauku, achukue tonge, kisha aliangushe. Ugonjwa wa figo huleta kichefuchefu cha polepole. Kwa jike ambaye hajatolewa kizazi, homoni ya projesteroni inayopanda baada ya kipindi cha joto huifanya insulini isifanye kazi ipasavyo, na usaha kwenye kizazi, unaotokea wiki kadhaa baadaye, humwondolea kabisa hamu ya chakula. Kumtoa kizazi ni sehemu ya tiba ya kisukari chake. Tena kuna macho. Mbwa wengi wenye kisukari hupata mtoto wa jicho, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza au zaidi kidogo, na upofu huo huweza kuja kwa siku chache tu. Mbwa aliyepoteza kuona ghafla anaweza kusimama hatua mbili kutoka kwenye bakuli akinusa hewa, akiwa na njaa, na watu wakadhani amesusa. Huyu anahitaji bakuli lisilohamishwa, lililowekwa juu ya mkeka wenye mguso tofauti na sakafu, na sauti ya kumwongoza.

Lipo pia jambo lisilo ugonjwa kabisa. Kabla ya kutibiwa, mbwa mwenye kisukari hula kama asiyejua kushiba, kwa sababu chakula kinaingia kwenye damu bila kufika kwenye seli. Insulini inapoanza kufanya kazi, njaa ile hutulia. Mwenyewe, aliyezoea kuona bakuli likisafishwa kwa sekunde, humwona mbwa anayekula taratibu na kuacha punje chache, akaona hiyo ni hatari. Uzito ukiwa imara, kiu ikiwa imepungua na mbwa akiwa mchangamfu, hiyo ni hamu ya kawaida iliyorudi, na pengine kiasi cha chakula kinahitaji kupangwa upya pamoja na dozi.

Dalili zinazofuta mjadala wote na kumpeleka mbwa kwa daktari siku hiyo hiyo ni kutapika kunakojirudia, kulegea, kupumua kwa kasi au kwa kina, pumzi yenye harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, tumbo linalouma, na kukataa maji. Mbwa asiye na dalili hizi, anayetembea na kuitika jina lake, ndiye ambaye sasa tunaweza kumfikiria chakula chake.

Mbwa hula kwa pua kabla ya kula kwa ulimi. Chakula kilichotoka kwenye jokofu hakina harufu. Kikipashwa hadi kifikie uvuguvugu wa mwili, kikachanganywa na kijichirizi cha maji ya moto, mara nyingi mbwa aliyegeuka hurudi. Kifua cha kuku kilichochemshwa bila ngozi, mafuta wala chumvi, kikachambuliwa nyuzi nyembamba na kuchanganywa kabisa ndani ya chakula chake badala ya kuwekwa juu, humzuia asichague. Ute wa yai lililopikwa hufaa vilevile. Mchuzi wa dukani mara nyingi una kitunguu au kitunguu saumu, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Zabibu, mbichi na kavu, huweza kuua figo zake. Kwa mbwa huyu hasa, tahadhari kubwa iwe kwa vitu vilivyoandikwa kuwa havina sukari: vingi vina zailitoli, utamu ambao kwa binadamu hauna shida lakini kwa mbwa hushusha sukari ya damu kwa kasi na huweza kuangamiza ini. Siagi ya karanga, ambayo wengi huitumia kufichia dawa, isomwe lebo yake kila inaponunuliwa.

Muda nao una kazi yake. Bakuli likae dakika 20 au 30, mahali patulivu, mbali na mbwa wengine, kisha liondolewe. Matembezi mafupi kabla ya mlo huamsha hamu. Kinachoharibu ni maandamano ya vyakula vitano kwa asubuhi moja, kila kimoja kitamu kuliko kilichotangulia, huku mwenyewe amepiga magoti akibembeleza. Mbwa ni mwepisi wa kujifunza, na akishagundua kwamba kususa huleta kuku, atasusa kila siku, na dozi iliyopangwa kwa chakula chake cha kawaida haitamfaa tena. Mbwa mwenye kichefuchefu naye huweza kukichukia kwa muda mrefu chakula alicholazimishwa akiwa anaumwa. Kwa sababu hiyo sikubaliani na kumsukumia chakula mdomoni kwa sirinji. Mbali na kumjengea chuki hiyo, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Kuhusu vyakula maalumu vya kisukari, vyenye nyuzinyuzi nyingi na wanga unaomeng'enywa polepole, msimamo wangu ni kwamba chakula bora ambacho mbwa hakili si bora. Nyuzinyuzi husaidia sukari isipande ghafla baada ya mlo, na inafaa kuvijaribu kwa kuvichanganya na chakula cha zamani kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Akikataa kila mara, chakula kingine cha kawaida kilichokamilika kwa lishe, kisicho na sukari ya kuongezwa wala mafuta mengi, kikiliwa kwa kiasi kile kile kila siku, kitamwezesha daktari kupanga dozi inayotabirika. Insulini hurekebishwa kufuata chakula anachokubali. Ni vigumu zaidi kufanya kinyume chake.

Daktari anazo pia dawa. Maropitanti huzuia kutapika na hupunguza kichefuchefu, na kwa mbwa wengi hilo pekee hurudisha hamu. Mitazapini huchochea kula. Kapromorelini, nayo ya kuchochea hamu, huongeza homoni ya ukuaji, na homoni hiyo hupinga kazi ya insulini, hivyo kwa mgonjwa wa kisukari hutumiwa kwa tahadhari kubwa. Dawa za jamii ya steroidi, ambazo huongeza njaa kwa mbwa wengine, hapa huivuruga sukari vibaya. Kamwe zisitolewe kwa lengo la kumfanya ale. Akishindwa kula kwa siku kadhaa licha ya tiba, mrija wa kulishia unaopitishwa puani au kwenye umio humpatia lishe na dawa bila vita, na ule wa umio huweza kutumika nyumbani kwa wiki kadhaa. Wenye mbwa huuogopa mrija huo kuliko unavyostahili.

Ikitokea sindano ilishachomwa na mbwa hakula, au alikula akatapika chote, mwangalie kwa karibu saa zote zinazofuata, bila kumwacha peke yake. Udhaifu wa miguu ya nyuma, kuyumba, kutetemeka, kutazama bila kuona au njaa ya ghafla ni dalili kwamba sukari inashuka. Akiwa bado anameza, mpe chakula chake mara moja. Asipotaka, au akiwa amechanganyikiwa, pakaza asali au sharubati nzito ya glukosi kwenye fizi zake na ndani ya mashavu, ukirudia kidogo kidogo, huku ukimpigia daktari simu. Mwenye degedege asimiminiwe kitu mdomoni, kwa kuwa atakivuta mapafuni, na vidole visiingizwe katikati ya meno. Akizinduka, mpe mlo mdogo kisha mpeleke akaonwe, maana sukari ya asali huisha mapema wakati insulini ingali kazini, na anaweza kuanguka tena baada ya saa moja au mbili.

Hamu ikirudi, isilipwe kwa milo mikubwa ya kufidia siku zilizopotea. Kongosho lililotoka kuvimba hasa halitavumilia. Anza na sehemu ndogo za chakula chake, ongeza kwa siku mbili au tatu hadi afikie kiasi cha zamani, na muulize daktari ni lini dozi irudi kamili, kwa sababu mbwa aliyepungua uzito anaweza asihitaji tena yuniti alizokuwa akipata. Mpime uzito kila wiki, na kando ya kila mlo andika gramu alizokula, yuniti alizochomwa na saa yenyewe, ili daktari apate namba za kupangia dozi mpya.